Tokata: Kinanda Kisemapo Peke Yake

Walimu wapigao vinanda makanisani, kutoka miteremko ya Rungwe hata nchi ya chini ya Kyela, hurudia kuuliza swali moja: je, ni halali mpiga kinanda kupiga kitu kisicho wimbo? Maana watu wamezoea hivi: kinanda hutoa sauti ya kwanza, waimbaji huishika, kisha kinanda huwafuata beti kwa beti hata mwisho. Siku mwalimu akiketi kabla ya ibada na kuviacha vidole vyake vikimbie juu ya vibao pasipo wimbo wo wote, wazee hutazamana. Huyu hunong'ona, "Anacheza." Yule hujibu, "Anajionyesha." Mwezi huu twataka kunena habari za kazi za namna hiyo, ambazo huitwa tokata, tueleze ni kitu gani, zimetoka wapi, na zipi tuzipendazo sisi. Shauri la wale wazee na yule mwalimu tutalitolea hukumu mbele kidogo.

Jina lenyewe ni la Kiitalia. Watu wa Italia husema kantata kwa kazi ya kuimbwa, na sonata kwa kazi ya kupigwa kwa vyombo kama fidla. Tokata ni kazi ya kugusa, maana latoka katika neno lao la kugusa kwa mkono. Basi tokata ni mguso wa vidole juu ya vibao. Mjerumani mmoja mwenye elimu nyingi ya muziki, Michael Praetorius, aliandika mwaka wa 1619 ya kuwa tokata ni utangulizi ambao mpiga kinanda huutoa kichwani mwake, bila karatasi, kabla ya kuingia katika kazi yenyewe. Kazi hiyo yenyewe mara nyingi ilikuwa wimbo wa kwaya, au fuga. (Neno hili fuga lisiwapeleke wasomaji zizini kwa ng'ombe. Kwa Kiitalia ni kukimbia: sauti moja hutangulia na maneno yake, ya pili huifuata na maneno yale yale, kisha ya tatu, kama watoto wakimbizanao njiani.)

Wala jambo hili si geni kwetu. Mtazame mtu ashikaye malimba yake jioni. Haanzi wimbo mara moja. Kwanza huvipitia vile vyuma kwa vidole gumba, juu na chini, asikie kama kimoja kimelegea, na mkono upate joto, na watu waliokaa karibu waache maneno yao. Ndipo aanze. Yale aliyoyapiga kwanza hayana jina, walakini asiyeyapiga huonekana kama mtu aingiaye nyumbani mwa watu asibishe hodi.

Tena yafaa kujua ya kuwa kinanda chenye vibao hakikuzaliwa Ulaya. Kilizaliwa katika bara letu hili, katika mji wa Aleksandria kule Misri, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, na fundi wake alikuwa Mgiriki aitwaye Ktesibio. Yeye aliyatumia maji kuusukuma upewo uingie katika filimbi kwa nguvu iliyo sawa, na mtu alifungua filimbi moja moja kwa kugusa vibao. Warumi wakakichukua, wakakipiga katika michezo yao. Makanisa ya Ulaya yalikipokea baada ya karne nyingi.

Tokata za kwanza zilizopigwa chapa zilitoka Italia. Claudio Merulo, aliyepiga kinanda katika kanisa la Marko Mtakatifu mjini Venezia, alitoa vitabu vyake viwili vya tokata mwaka wa 1598 na wa 1604. Ni kazi nzuri, lakini hatutakaa hapo, kwa kuwa aliyemfuata alimpita. Huyo ni Girolamo Frescobaldi, aliyezaliwa mwaka wa 1583, akafanywa mpiga kinanda wa kanisa la Petro Mtakatifu mjini Roma mwaka wa 1608. Kitabu chake cha kwanza cha tokata kilitoka mwaka wa 1615, na mbele ya kitabu akaweka maonyo kwa mpigaji. Aliwaambia wapigaji wasifungwe na hesabu ya mapigo iliyo sawasawa kama ya watu waendao kwa mguu mmoja, bali wakawie palipo na huzuni na kuharakisha palipo na furaha, kama afanyavyo mwimbaji mwenye akili afuataye maana ya maneno. Akawapa na ruhusa nyingine ambayo mwalimu wa Rungwe angeipenda: tokata si lazima ipigwe yote. Mtu aweza kupiga sehemu moja na kukoma pale apendapo, ibada ikiwa tayari kuanza. Hata hivyo hakuwa mtu wa kazi nyepesi. Mwisho wa tokata moja ya kitabu chake cha pili, cha mwaka wa 1627, aliandika ya kwamba hapo mwisho hapafikiwi pasipo taabu, na kila aliyeijaribu amekubali.

Katika kazi zake zote twazipenda zaidi tokata za kuinuliwa mkate, zilizo katika kitabu kiitwacho Fiori musicali cha mwaka wa 1635. Ziliandikwa kwa misa ya Kikatoliki, zipigwe wakati kasisi anapoinua mkate na kikombe, watu wakiwa kimya. Sisi wa makanisa mengine hatuna desturi ile, lakini sauti zenyewe hazikatazwi mlangoni. Hazina mbio yo yote. Sauti moja hukaa, nyingine huja karibu nayo mno hata zikagongana, sikio likaumia kidogo; kisha ile ya juu hushuka hatua moja tu, na maumivu yakaisha, na papo hapo mgongano mwingine umekwisha kuanza chini yake. Ni kama mtu mzima ajizuiaye kulia mbele ya watoto. Sebastian Bach mwenyewe alikuwa na nakala ya kitabu hiki, yenye tarehe ya mwaka wa 1714, na tukizisikiliza kazi zake za huzuni twaweza kuamini ya kuwa aliisoma kweli.

Tokata hizi zina faida nyingine kwetu: zafaa sana kwa kile kinanda kidogo cha kukanyagwa kwa miguu, ambacho Wamishenari walikileta katika nchi nyingi za Afrika, na ambacho bado kimo katika nyumba na makanisa kadha wa kadha. Havitakiwi vibao vya miguu kama vya vinanda vikubwa vya Ulaya. Tena zataka sauti ndefu isiyokufa, na sauti ya kinanda hiki huendelea maadamu miguu yakanyaga. Sauti ya piano hufa mara ikiisha kupigwa.

Na tukikitaja kinanda hiki, tukitazame ndani. Alexandre Debain wa Paris alipata hati ya serikali ya kukitengeneza mwaka wa 1842. Miguu huiendesha mivukuto, upepo hupita penye ndimi nyembamba za shaba, kila ulimi na sauti yake, na ulimi hutetema. Shaba yenyewe hudumu miaka mingi. Vinavyokufa ni ngozi, nguo, na gundi. Nchi ya Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na katika miezi ya masika vitabu huota ukungu rafuni. Basi mivukuto ya ngozi itafanyaje? Hupasuka penye mikunjo, upepo huvuja, na mpigaji hukanyaga kama mtu apandaye mlima ilhali sauti yazidi kuwa hafifu. Panya nao hula vipande vya sufi vilivyo chini ya vibao. Ikiwa kinanda hufunikwa vizuri, na kuwekwa mbali na ukuta wenye unyevu, na kupigwa kila juma ili upepo upite, chaweza kumzika mwenyewe na kumhudumia mjukuu wake.

Hapa tokata hufanya kazi yake ya zamani. Wimbo wa kanisa hutumia vibao ishirini au thelathini vya katikati. Vile vya pembeni vyaweza kuwa bubu miaka mitano, asijue mtu. Tokata hupita po pote, juu na chini, kwa upesi na kwa taratibu, na kila kibao kigonjwa husema ugonjwa wake. Bach alikuwa akiitwa mara nyingi kuvipima vinanda vipya katika miji ya Ujerumani, na mwanawe amesimulia ya kuwa jambo lake la kwanza lilikuwa kuzifungua filimbi zote pamoja na kupiga kwa sauti kubwa kabisa, huku akisema kwa mzaha ya kwamba ataka kujua kama kinanda kina mapafu mazuri. Mafundi wengine waligeuka weupe kwa hofu. Anayetaka kununua kinanda kilichotumika, cha kukanyaga au cha umeme, na afanye vivyo hivyo kabla ya kutoa fedha.

Sasa twende kaskazini. Katika mji wa Amsterdam aliishi Jan Pieterszoon Sweelinck, mpiga kinanda wa Kanisa la Kale hata alipokufa mwaka wa 1621. Kanisa lile lilikuwa limefuata mafundisho ya Calvin, na wazee wake walikataa kinanda kisipigwe wakati wa ibada. Watu waliimba zaburi kwa sauti zao tu. Lakini kinanda kilikuwa mali ya mji, si ya wazee. Wakubwa wa mji wakamlipa Sweelinck apige kabla ya ibada na baada yake, na wenyeji na wageni wakaja kumsikiliza. Huko alipiga tokata zake, na vijana wa Kijerumani wakasafiri kwenda kujifunza kwake, wakarudi kwao na ustadi ule. Twaomba wasomaji waliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia: watu waliimba peke yao, na kinanda kikasema peke yake.

Katika kizazi kilichofuata, mkuu wa wapiga vinanda wa Ujerumani ya kaskazini alikuwa Dieterich Buxtehude wa mji wa Lübeck, aliyeshika kazi katika kanisa la Mariamu kuanzia mwaka wa 1668. Tokata zake ni kama hali ya hewa ya mlimani: mvua, jua, ngurumo, kimya, tena mvua, na katikati yake fuga zilizopangwa vizuri. Habari zake zilimfikia Bach, wakati huo kijana wa miaka ishirini, mpiga kinanda katika mji mdogo wa Arnstadt. Mwaka wa 1705 akaomba ruhusa ya majuma manne, akaenda Lübeck kwa miguu. Njia ile ni karibu kilomita 400, kama mtu atokaye Tukuyu kwenda Iringa. Akapendezwa sana, asikumbuke majuma manne, akakaa karibu miezi minne. Aliporudi, wakubwa wa kanisa wakamwita. Walimwuliza alikokuwa, kisha wakamlaumu ya kuwa achanganya sauti ngeni katika nyimbo hata watu wafadhaika wasijue waimbeje. Tena hapo kwanza alikuwa akipiga utangulizi mrefu mno, na alipoonywa akafanya mfupi kupita kiasi. Wazee wa Rungwe wakisoma habari hii watamtambua mtu wanayemjua.

Tokata yake ijulikanayo kuliko zote ni ile ya re ndogo, pamoja na fuga yake. Hata wasiojua jina lake wameisikia, kwa kuwa mwaka wa 1940 iliwekwa mwanzo wa filamu ya Walt Disney iitwayo Fantasia, ikipigwa na vyombo vingi chini ya Leopold Stokowski. Mwanzo wake ni jambo dogo: kidole kinatetema mara moja juu ya sauti ya la, kinakaa, kisha mbio fupi ya kushuka, na kimya. Tena vile vile chini zaidi, na kimya. Kisha sauti nzito ya mwisho wa vibao vya miguu, na juu yake sauti nyingine zajengwa moja moja, kama wingu lijikusanyavyo juu ya mlima Rungwe, hata sikio laomba liachiliwe. Ni vile vimya vinavyoifanya kazi hii. Katika kanisa kubwa la mawe sauti huendelea kutembea baada ya vidole kuinuka. Katika nyumba ndogo yenye bati, mpigaji asiyesubiri huiharibu yote. Jambo la ajabu ni kwamba hatuna karatasi yo yote ya mkono wa Bach yenye kazi hii. Nakala ya zamani kabisa iliandikwa na Johannes Ringk, na tangu mwaka wa 1981, Mwingereza Peter Williams alipotoa hoja zake, wako wenye elimu wasiosadiki ya kuwa ni ya Bach. Wengine hufikiri ilikuwa ya fidla kwanza. Sisi hatutapoteza usingizi kwa neno hilo. Ikiwa ni ya mtu mwingine, basi mtu huyo naye alijua kupiga kinanda.

Walakini tukiambiwa tuchague moja tu, tutaiacha ile na kuchukua tokata ya fa kubwa. Hapa mguu unakanyaga fa ya chini na kukaa pale, usiondoke kwa mapigo zaidi ya hamsini, na juu yake mikono miwili yafukuzana: mkono wa kuume watangulia, wa kushoto wafuata na maneno yale yale, bila kuchoka. Mtu aliyesimama penye Daraja la Mungu, pale mto Kiwira unapopita chini ya mwamba, ataelewa: juu maji yarukaruka kwa namna elfu, na chini kuna mngurumo mmoja usiobadilika. Kisha mikono yanyamaza kabisa, na miguu peke yake yaichukua ile mbio. Kazi hii haiwezekani kwa kinanda kidogo, wala tusijidanganye. Ni ya kusikilizwa, na siku hizi aliye na simu aweza kuisikiliza akiwa Masoko au Itete, ikiwa ana subira ya dakika nane au tisa.

Kwa mikono mitupu Bach alituachia tokata saba za vibao bila miguu. Ni ngumu, lakini vibao 61 vya kinanda cha umeme vyazitosha. Kwa anayeanza twashauri tokata ya mi ndogo ya Johann Pachelbel, aliyekufa mwaka wa 1706. Ni fupi sana, haifiki dakika tatu. Chini kuna sauti chache ndefu za miguu, na juu mikono yacheza. Asiye na vibao vya miguu amweke mwanafunzi kando yake, abonyeze kile kibao cha chini kwa kidole na kukihama anapoambiwa. Mtoto hujifunza kusikia, na mwalimu hupata mguu wa tatu.

Wafaransa walifanya tokata za namna nyingine, za ngurumo tupu. Ijulikanayo sana ni ya Charles-Marie Widor, sehemu ya mwisho ya simfonia yake ya tano ya kinanda, ya mwaka wa 1879. Alipiga kinanda katika kanisa la Saint-Sulpice mjini Paris tangu mwaka wa 1870 hata 1933, kinanda chenye safu tano za vibao. Watu huipiga arusini, na wengi huikimbiza mno. Mwenyewe aliipiga kwenye sahani za santuri mwaka wa 1932, akiwa na miaka 88, kwa mwendo wa mzee aendaye kanisani akijua hatachelewa, na hivyo ndivyo inavyopendeza.

Widor alikuwa na mwanafunzi ambaye jina lake twalijua katika habari za misheni, Albert Schweitzer. Mwaka wa 1913 alikwenda Lambaréné, katika Gabon, kuwa mganga, na Chama cha Bach cha Paris kikampa piano yenye vibao vya miguu, iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za joto na unyevu. Jioni, kazi ya hospitali ikiisha, alipiga Bach. Wakati wa vita alifungwa katika kambi huko Ufaransa, na kwa kuwa hapakuwa na kinanda, aliifanya meza kuwa vibao vya mikono na sakafu kuwa vibao vya miguu, akajizoeza bila sauti. Baadaye aliwapigia watu wa Ulaya ile tokata ya re ndogo na nyinginezo, na fedha zikaenda kununua dawa. Aliyoyaandika juu ya Waafrika, kama kwamba ni wadogo zake wa kuongozwa, leo hayakubaliki kwetu, na ni haki yasikubaliwe. Lakini ile meza twaipendekeza kwa kila mwalimu ambaye kinanda chake kiko umbali wa saa mbili kwa miguu.

Vita ile ile ilizaa tokata nyingine, ya piano, ambayo hatuwezi kuipita. Maurice Ravel, Mfaransa, aliendesha gari la mizigo vitani, na kati ya mwaka wa 1914 na 1917 akaandika kazi yenye sehemu sita, akiwakumbuka rafiki zake waliouawa. Ya sita ni tokata, kwa jina la Joseph de Marliave, aliyekufa Agosti 1914; na mjane wake, Marguerite Long, ndiye aliyeipiga mara ya kwanza mbele ya watu mwaka wa 1919. Haina kilio. Yakimbia tangu mwanzo hata mwisho, sauti ile ile ikigongwa na kugongwa kwa vidole vyepesi. Watu wengine wa Ulaya walishangaa: huu ni msiba gani? Wanyakyusa hawangeshangaa. Bibi Monica Wilson, aliyekaa katika wilaya hii miaka ya 1930, aliandika jinsi watu walivyocheza kwa nguvu misibani, ngoma zikivuma, vijana wakiruka karibu na kaburi. Na mwaka wa 1916 vita ilifika hapa hapa, jeshi la Waingereza lilipopanda kutoka Nyasa na kuishika Neu-Langenburg, ambayo sasa ni Tukuyu. Wamishenari Wajerumani wakaondolewa, na wazee na walimu wenyeji wakaziangalia sharika.

Sasa turudi kwa wale wazee. Ndugu wa Moravia walipokuja Rungwe mwaka wa 1891, mwaka ule ule waliokuja wa misheni ya Berlin, walikuja na desturi ya nyimbo iliyo ya kale sana. Kitabu cha nyimbo cha ndugu wa Bohemia kilipigwa chapa mwaka wa 1501. Katika saa ya nyimbo huko Herrnhut kiongozi alianza ubeti wo wote aliopenda, na mpiga kinanda alipaswa kuutambua papo hapo na kuingia bila karatasi. Kwao kinanda kilikuwa mtumishi wa waimbaji. Basi mzee asemaye kwamba mpigaji asijionyeshe ana urithi mzuri nyuma yake.

Lakini mtumishi aweza kugeuka bwana kwa njia nyingine, asiyoiona mzee. Miaka ya 1930 alikuwako katika nyanda hizi za kusini mmishenari wa Moravia aliyeitwa Franz Ferdinand Rietzsch, mtu wa muziki. Aliyasikiliza kwa makini maimbo ya wenyeji, akaona yana sauti na vipimo vyao, na kwamba yana ujamaa na nyimbo za kale za Ulaya kuliko zile nyimbo za sauti nne za karne ya 19 ambazo misheni nyingi zilifundisha. Na ni kweli: kibao cha kinanda hakipindi. Sauti yake imekatwa pale fundi alipoikata. Watu walio na sikio lao wakiimba juu ya kinanda kila Jumapili, mwaka hata mwaka, sikio lao husogezwa kidogo kidogo hata likae juu ya kibao. Hakuna aliyeamuru, wala hakuna aliyeulizwa. Vinanda vya umeme vya siku hizi vimeongeza mzigo mwingine, yaani kibonyezo cha ngoma ya mashine, ambayo hupiga vile vile arusini na mazikoni.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii. Mwalimu aliyepiga tokata kabla ya ibada hakuwakosea waimbaji. Ni pale anapowafuata neno kwa neno katika kila wimbo ndipo awezapo kuwakosea. Tokata haimlazimishi mtu ye yote kuimba sauti isiyo yake. Humo kinanda hufanya kazi kilichoumbiwa, kugusa na kukimbia na kukaa, kisha hunyamaza. Sharika za Rungwe na za Konde zina kwaya ziwezazo kuimba sauti nne bila chombo cho chote, mtu mmoja akitoa sauti ya kwanza. Zifanye hivyo mara nyingi kuliko zifanyavyo sasa. Na mwalimu apewe dakika zake tatu kabla ya kengele ya mwisho na dakika tano watu wakitoka. Ikiwa atazidisha, wazee na wamwite kama walivyomwita Bach, ila wakumbuke ni nani aliyekumbukwa baadaye.

Limebaki neno moja la kazi. Walimu wengi husoma solfa tu, na tokata haziandikwi vizuri kwa solfa, kwa kuwa mbio zake ni nyingi na sauti huja nyingi pamoja. Ni lazima kujifunza nota za mistari mitano. Kwa mtu ajuaye solfa, miezi mitatu ya nusu saa kila jioni yatosha kuanza. Aanze na Pachelbel, mkono mmoja mmoja, pole pole kuliko apendavyo. Kisha tokata moja ya Frescobaldi ya kuinuliwa mkate, aipige asubuhi mapema kanisani kabla watu hawajaja, milango ikiwa wazi ili unyevu utoke. Akiisha kupiga, akifunike kinanda kwa nguo kavu, tena si kwa mfuko wa plastiki, maana ndani yake ukungu huota upesi.